Mtumbwi wa Fito: Rekebisha Kabla ya Kitambaa

Kila kosa kwenye mtumbwi wa fito lina wakati wake wa kurekebishwa. Gundi iliyomwagika hukwanguliwa kwa dakika mbili ikiwa bado laini. Ikikauka, itakula mchana wako mzima. Bonde kwenye mbao huondoka kwa randa. Ukilifunika kwa faibaglasi, utalitazama miaka yote. Samaki mkunje angali mbichi. Unapoona kasoro, usikimbilie msasa. Jiulize kwanza uko hatua gani, na kama kasoro hiyo ni ya leo au inaweza kungoja.

Mtumbwi wenyewe ni huu: fito za mbao nyepesi, unene wa milimita 6 na upana wa milimita 19 hivi, zimebandikwa ubavu kwa ubavu juu ya violezo, kisha nje na ndani zikavishwa kitambaa cha faibaglasi na epoksi. Njia hii ilikomazwa na washindani wa mbio za mitumbwi wa Minnesota, Marekani, akina Eugene Jensen, kuanzia miaka ya 1950. Kitabu cha Ted Moores wa Ontario, Canoecraft, kilichotoka 1983, kikaifikisha kwa watu wa kawaida wenye banda na zana chache. Si mtumbwi wa gogo, na hauhitaji kalafati. Maji yanazuiwa na zile ngozi mbili za epoksi. Mbao ni kiini kinachozitenganisha. Shika hilo, na utajua kasoro ipi ni ya hatari na ipi ni ya macho tu.

Neno moja kuhusu mbao. Kule Amerika Kaskazini wanapenda mwerezi mwekundu wa magharibi kwa sababu ni mwepesi na unakunjika. Ukiwa Iringa au Nakuru, tafuta saipresi au paina iliyokauka vizuri, isiyo na vifundo, yenye nyuzi zilizonyooka. Usijenge ganda zima kwa mvule au mninga. Utapata mtumbwi mzuri ambao huwezi kuubeba peke yako. Mbao hizo nzito zitumie kwa ukingo wa juu na viti.

Violezo kwanza

Violezo vya plaiwudi husimama juu ya boriti ndefu, kimoja kila inchi 12, na kila kimoja kina mstari wa katikati. Funga uzi kutoka omo hadi tezi. Mistari yote iguse uzi. Halafu nenda mwisho mmoja, inama, fumba jicho moja, utazame urefu wote. Kiolezo kilichosogea milimita 3 utakiona hapo hapo.

Kosa linalorudiwa sana ni kuweka kiolezo upande mbaya wa mstari uliopimwa kwenye boriti. Unene wa plaiwudi ukae upande wa katikati ya mtumbwi. Uso unaotazama ncha ndio ukae kwenye mstari. Ukigeuza, ukingo wa kiolezo utasukuma fito kwa nje na ganda litakuwa na uvimbe mwembamba kila inchi 12. Dawa ni kufungua skrubu na kuvihamisha. Kama huwezi, chonga ukingo unaosukuma uwe mshazari hadi ufito ulale bila kubinuka.

Sasa pima kwa ufito mrefu. Ulaze juu ya violezo vyote: ubavuni, kwenye mkunjo wa tumbo, karibu na mkuku. Penye mwanga kati ya ufito na kiolezo, bandika vipande vya karatasi ngumu. Palipopanda, punguza kwa randa. Fanya hivi pande zote mbili, kwa sababu jicho huchoka na kuanza kukubali upande wa pili bila kuupima.

Mwisho, funika kingo za violezo vyote kwa selotepu pana ya kufungia maboksi, gundi isishike. Umesahau na fito zimeshapanda? Siku ya kutoa ganda, usilivute. Fungua violezo kutoka kwenye boriti, kisha ukigonge kila kimoja kwa nyundo ndogo, huku na huku, ukipitisha kisu chembamba cha puti kati yake na mbao. Kitaachia.

Fito zinapokataa

Ufito ukilia unapoukunja, acha. Tazama ubavu wake. Mistari ya mbao ikikimbilia nje badala ya kufuata urefu, ufito huo hautakunjika mahali popote penye mviringo. Uweke kando kwa ajili ya sehemu zilizonyooka. Ukiwa umeshapasuka lakini haujaachana, tia supagluu kwenye ufa, ukaze kwa tepu, endelea. Ukiwa umekatika kabisa, ukate mraba na uunganishe juu ya kiolezo. Kiungo hicho kisikae jirani na kiungo cha ufito wa chini yake.

Kwenye ncha, ufito unatakiwa kujipinda na kukunjika kwa wakati mmoja. Hapo ndipo wengi wanapoushindilia kwa nguvu ukiwa mkavu. Chukua kitambaa kilicholoa na pasi ya moto. Upige mvuke kwa dakika moja au mbili, uukunje polepole, uukaze kwa klampu bila gundi, uuache upoe. Gundi itakuja ukishazoea umbo lake.

Kama fito zako zina mfereji upande mmoja na mviringo upande wa pili, mfereji uwe juu, ubaki na gundi. Midomo ya mfereji ni myembamba na humeguka kirahisi. Ikimeguka upande wa nje, geuza ufito ncha kwa ncha: mfereji utabaki juu, lakini palipomeguka pataangalia ndani. Ufito umeokoka.

Fito zikiachana kati ya kiolezo na kiolezo, usimwage pini. Bandika tepu kwenye ufito wa juu, ivute kwa nguvu hadi fito tatu za chini, bandika. Rudia kila sentimita 10. Tepu haiachi tundu, pini inaacha.

Na pini zikitumika, zipige juu ya kipande cha ukanda wa plastiki wa kufungia mizigo, ili baadaye uzing'oe kwa kuvuta ukanda. Zitoe kabla ya kulowesha mbao. Chuma, maji na mwerezi vikikutana huacha doa jeusi lenye ubluu, na doa hilo linazama ndani kuliko msasa wako. Likishatokea, asidi ya oksaliki iliyochanganywa na maji hulipausha. Suuza vizuri baada yake na uache mbao zikauke kabisa.

Gundi inayochuruzika nje, na hasa ndani, ndiyo adui mkubwa wa mjenzi mpya. Gundi ya mbao iliyokauka ni ngumu kuliko mbao yenyewe. Ukiipiga msasa, msasa unakula mbao laini pembeni na kuacha gundi imesimama kama tuta. Kwa hiyo weka saa. Baada ya nusu saa hivi, gundi ikiwa imeshikana lakini bado inanyumbuka, ikwangue kwa patasi butu au kisu cha puti. Inatoka ndefu, kipande kimoja. Usiipanguse kwa sponji lenye maji mengi, maana utaisukuma kwenye vinyweleo vya mbao, na kila ilipoingia patabaki weupe chini ya epoksi.

Taa usiku

Fito zote zimeshapanda, pini zimetoka. Ngoja giza liingie. Weka taa ndani ya ganda, zima taa nyingine zote, zunguka nje na penseli. Kila pengo litajionyesha kwa uzi wa mwanga. Mengine hutayaamini, kwa sababu mchana ulipita hapo mara nyingi na kidole hakikuhisi kitu. Zungushia kila moja.

Pengo jembamba kama ukucha lizibe kwa epoksi iliyochanganywa na vumbi la msasa la mbao ile ile. Vumbi hilo lianze kulikusanya tangu siku ya kwanza, kwenye kopo. Mchanganyiko ukikauka unakuwa mweusi kuliko mbao, hivyo tumia vumbi la fito zako nyeupe zaidi na ujaribu kwanza kwenye kipande cha takataka. Bandika tepu pande zote mbili za pengo ili ziba isitapakae.

Pengo la milimita 2 au zaidi usilijaze kwa ziba. Chonga kijiti chembamba cha mbao ya rangi ile ile, kiwe kama kabari, kipake gundi, kisukumie ndani, kikikauka kisawazishe kwa randa. Baada ya kitambaa huwezi kukitofautisha na ufito.

Usiseme epoksi ya kitambaa itajaza yenyewe. Haitajaza, itapita. Itadondoka ndani ya ganda, itaganda kwenye violezo, na huku nje itaacha kitambaa kikiwa kikavu juu ya tundu.

Randa, siyo mashine

Hapa tulia. Usawazishaji wa nje ndio unaoamua mtumbwi utaonekanaje, na ndio unaorukwa na mtu mwenye hamu ya kuona faibaglasi.

Anza na randa ndogo iliyonolewa vizuri. Fito ziko bapa na umbo ni la mviringo, kwa hiyo kila kiungo kina mgongo. Kata migongo, fuata nyuzi, chukua maganda membamba. Kwenye sehemu zilizobonyea kuelekea ncha tumia skrepa iliyochongwa mviringo. Mashine ya msasa ya kuzunguka bado isiguse mbao. Mbao hizi zina mistari laini na mistari migumu. Mashine inachimba laini na kuruka ngumu, na unabaki na mawimbi ambayo kitambaa kitayang'arisha.

Baada ya randa, tengeneza ubao wa msasa: plaiwudi nyembamba inayonyumbuka, urefu wa sentimita 40 hivi, yenye msasa namba 80 na vishikizo viwili. Chora penseli ovyo ovyo ganda zima. Piga msasa kwa mshazari, kwanza kuelekea kulia, kisha kushoto. Penseli ikibaki mahali, hapo ni bonde. Usilifukuze bonde kwa kulisugua lenyewe; shusha majirani zake.

Jua pia pa kusimama. Ulianza na milimita 6. Ukikaribia 4, acha, hata kama bonde limebaki. Ganda jembamba ni kasoro ya nguvu, bonde ni kasoro ya macho. Ukishapitiliza na mbao inabonyea chini ya kidole gumba, weka alama mahali hapo. Utakapofika ndani utaongeza kiraka cha kitambaa chini ya kitambaa kikuu, na pataweza kubeba mzigo.

Kiganja kinaona kuliko jicho. Pitisha mkono wazi, polepole, macho ukiwa umeyafumba. Halafu weka tochi usawa wa ganda, mwanga ukilala juu yake. Kila tuta litatupa kivuli.

Alama za nyundo na klampu usizisage. Weka kitambaa chenye maji, gusa kwa pasi ya moto, na nyuzi zilizobonyea zitavimba na kurudi. Kisha fanya hivyo kwa mtumbwi mzima: ulowanishe wote kwa sponji safi. Matundu ya pini yatajifunga kiasi, mibonyeo itapanda, na madoa ya gundi uliyoyasahau yatajionyesha kwa weupe wao. Uache ukauke hadi kesho yake. Pita na msasa namba 120 kwa mkono, kufuata nyuzi. Hapo umemaliza mbao.

Vaa barakoa nzuri wakati wote huo. Vumbi la mwerezi mwekundu linajulikana kuleta pumu kwa wanaolivuta kwa muda mrefu, na vumbi la epoksi ambayo haijakomaa ni baya pia.

Siku ya epoksi

Kama umetoka kwenye boti za poliesta, kuna tabia moja ya kuiacha nje ya banda: kuongeza hadina ili ikauke haraka. Poliesta inavumilia matone ya ziada. Epoksi haivumilii. Hadina yake si kichocheo, ni sehemu ya gundi yenyewe, na ikizidi inabaki bila mwenzake. Utapata ngozi laini isiyokauka milele. Epoksi nyingine huchanganywa 2 kwa 1, nyingine 3 kwa 1, nyingine 5 kwa 1. Soma chupa, uangalie pia kama ni kwa ujazo au kwa uzito. Ukitaka kasi au utulivu, nunua hadina ya kasi au ya polepole. Ukanda wa joto unataka ya polepole.

Koroga dakika mbili kamili, ukikwangua pembe na kitako cha kikombe. Changanya kidogo kidogo, na ukimaliza kukoroga mwaga yote juu ya ganda uanze kuisambaza. Epoksi nyingi ikikaa kwenye kikombe hujipasha moto yenyewe, hutoa moshi na kuyeyusha plastiki. Ikianza, toa kikombe nje, kiweke juu ya mchanga.

Saa ya kuanza ni muhimu kuliko wengi wanavyofikiri. Mbao zina hewa ndani. Joto likipanda, hewa hutanuka, inatoka na kuinua kitambaa kwa malengelenge madogo madogo. Joto likishuka, mbao inavuta epoksi ndani. Kwa hiyo anza joto linapoanza kupungua. Tanga au Mombasa usianze saa nne asubuhi hata chini ya paa. Ngoja saa kumi alasiri. Minnesota wakati wa baridi, pasha banda joto mapema, kisha punguza hita muda mfupi kabla ya kumwaga.

Kitambaa cha kawaida kwa mtumbwi kina uzito wa gramu 200 kwa mita ya mraba. Fyonza vumbi lote kwanza. Kitandaze kikavu, kisawazishe kwa brashi laini kutoka katikati kwenda nje. Usikivute kwa vidole. Nyuzi zitahama na kuacha njia zinazoonekana.

Mwaga, sambaza kwa kadi ya plastiki, kisha ngoja. Kitambaa kikilowa sawasawa kinapotea machoni na unabaki unaona mbao tu. Baada ya hapo rudi na kadi, kwa mkazo wa wastani, uondoe ziada. Piga tochi kwa ubavu. Penye kung'aa kama kioo, epoksi imezidi na kitambaa kinaelea. Penye weupe, imepungua. Unachotaka ni sura iliyofifia, nyuzi zikionekana kidogo, kila mahali sawa. Kwa dakika za mwanzo makosa yote mawili yanarekebishika kwa kadi hiyo hiyo. Kwa hiyo usiondoke. Kaa, zunguka, tazama, hadi epoksi ianze kunata.

Safu mbili au tatu za kujaza zitafuata. Ukiziweka siku hiyo hiyo, wakati ya chini bado inanata kidogo, zitashikana zenyewe bila msasa. Ukichelewa hadi imekauka, osha kwa maji na dodoki gumu kabla ya kitu kingine. Epoksi nyingi huacha juu yake utando wa mafuta, hasa kwenye unyevu. Utando huo unaondoka kwa maji. Ukiupiga msasa bila kuuosha unausugulia ndani, na safu inayofuata itajikusanya kwa vitone na kuacha vijishimo.

Imekauka, na kuna kasoro

Lengelenge dogo, mbao chini ni nzima: toboa matundu mawili membamba, ingiza epoksi kwa sirinji kwenye tundu moja hadi itoke kwenye la pili, funika kwa plastiki, weka uzito.

Lengelenge kubwa au eneo jeupe lililokosa epoksi: usipake epoksi juu ukitumaini itazama. Haizami kwenye kitambaa kilichokauka. Kata sehemu hiyo kwa wembe, itoe, lainisha kingo kwa msasa hadi zififie, bandika kiraka kinachozidi tundu kwa sentimita 5 kila upande. Kikikauka, sawazisha kingo za kiraka na ujaze. Kitambaa hicho kikilowa hakionekani, hivyo usiogope kukata. Kiraka kizuri kina nguvu kuliko kasoro iliyofunikwa.

Mkunjo uliosimama unasagwa hadi usawa, kisha unawekewa kiraka kwa njia ile ile, maana umekata nyuzi.

Michirizi iliyotiririka: kama epoksi ina saa chache na ukucha bado unaacha alama, ikate kwa skrepa kali. Ikiwa imekomaa, ipashe kwa mashine ya hewa ya moto hadi ilainike, kisha iparuze. Mashine iwe mwendoni. Ukiikaza mahali pamoja utaachanisha kitambaa na mbao.

Epoksi inanata baada ya siku mbili? Huenda ni baridi tu. Pasha banda na ungoje. Ikibaki laini baada ya hapo, hasa kwa mabaka, uwiano ulikosewa au hukukoroga vizuri. Paruza yote iliyo laini, pangusa kwa asetoni, anza upya mahali hapo. Safu mpya juu ya laini inaficha tatizo wiki chache tu.

Na msasa wa mwisho: nyuzi zikianza kuonekana kama vinukta vyeupe vinavyong'aa, simamisha mkono. Umefika kwenye kitambaa. Osha, ongeza safu moja ya epoksi, kisha uendelee. Ukiwa umekikata kabisa, weka kiraka.

Ndani

Ndani ni pagumu kuliko nje kwa sababu kila kitu kimebonyea. Ganda likitoka kwenye violezo linalegea na kutanuka. Kabla ya kufanya lolote, funga vijiti vya kupima upana kutoka ukingo hadi ukingo, ulilaze kwenye vihimili viwili, uliangalie kutoka mwisho. Likiwa limejisokota kidogo, lisokote kinyume sasa, ulikaze. Kitambaa cha ndani kikikauka, umbo limefungwa na halirudi.

Kitambaa hupenda kuruka hewani kwenye ncha na kwenye mkunjo wa tumbo. Kwenye ncha jaza kwanza pembe kwa epoksi nzito yenye vumbi la mbao, iwe mviringo, ndipo ukilaze. Epoksi itateremka na kutuama chini. Irudie kwa kadi mara kwa mara na uitoe kwenye kikombe.

Kisha usijaze. Safu moja ya kulowesha na nyingine nyembamba zinatosha ndani. Nyuzi zikionekana kidogo zinashika miguu, na mtumbwi unabaki mwepesi. Mtumbwi wa futi 16 au 17 uliotengenezwa kwa uangalifu una uzito wa kilo 25 hivi. Ukizidi sana hapo, sehemu kubwa ya ziada ni epoksi iliyoachwa imetuama.

Kwa ngozi yako: glavu kila mara. Aleji ya epoksi hujengeka taratibu, na ikishakuingia haitoki. Ikikugusa, osha kwa sabuni na maji. Usitumie asetoni mwilini, kwa sababu inaisukuma ndani ya ngozi.

Vanishi na baadaye

Jua linaiua epoksi. Isiyofunikwa hugeuka njano, hupasuka, na kitambaa huachia. Tumia vanishi ya boti yenye kinga ya jua, safu tatu au zaidi, nje na ndani. Vanishi ikikataa kukauka, epoksi chini haijakomaa au haikuoshwa. Iondoe, osha, ngoja wiki nzima, rudia.

Mikwaruzo ya mawe itakuja. Inayoishia kwenye vanishi iache hadi msimu uishe, uipige msasa mwepesi na kupaka upya. Uliofika kwenye kitambaa, upake epoksi mapema. Uliofika kwenye mbao, ukaushe kwanza siku kadhaa kivulini penye upepo, kwa sababu maji yakifungiwa ndani mbao itakuwa nyeusi na kitambaa kitainuka. Halafu ni kiraka kile kile, sentimita 5 kila upande. Ukiwa mbali na nyumbani, pangusa, bandika tepu pana isiyopitisha maji kwa nje, uendelee na safari. Epoksi utaipaka ukirudi.